PANDA, MNYAMA ALIYESINGIZIWA UVIVU



Panda tunamjua sote kwa picha. Yuko kwenye kalenda, kwenye madaftari yanayotoka China, kwenye mablanketi ya soko, tena ni alama ya shirika la kulinda wanyama, WWF, tangu mwaka 1961. Ni mnyama mkubwa mweupe, masikio meusi, macho yenye duara nyeusi, mabega na miguu nyeusi. Anakaa chini kama mzee aliyeshiba, mkononi ameshika kijiti cha mwanzi. Kiisha kuangalia picha, watu wanasema maneno mawili. La kwanza: "Ni mzuri!" La pili: "Lakini ni mvivu na mjinga. Anakula majani yasiyomfaa, hajui kuzaa, na akizaa anatupa mtoto. Mbona watu wanapoteza feza juu ya mnyama wa namna ile? Wamwache afe."

Neno hili la pili lilisemwa hata hapa masomoni, tena kwa sauti kubwa. Sisi wa mwaka wa sita tumeona vema kulijibu katika gazeti letu, kwa maana si wanafunzi peke yao wanaolisema. Watu wakubwa wenye elimu walilisema miaka mingi, na kama neno lile ni kweli, basi hakuna sababu ya kulinda pori la panda hata hekta moja. Ni mashitaki matatu: chakula, uvivu, na uzazi. Tuyatazame moja moja, lakini kwanza tuseme mshitakiwa anakaa wapi.

Anakaa China peke yake, katika milima ya Sichuan, Shaanxi na Gansu. Ni milima mirefu yenye baridi, ukungu na theluji. Juu kuna miti mikubwa, chini ya miti kuna mianzi iliyosongana. Zamani panda alikaa pia mahali pa chini, mifupa yake ya zamani imekutwa mpaka Burma na kaskazini ya Vietnam. Watu walipolima mabonde, yeye akabaki juu. Wakaaji wa milima ile walimjua tangu zamani, lakini wataalamu wa Ulaya walipata habari zake mwaka 1869 tu, wakati padri mmoja Mfaransa, Armand David, alipopewa ngozi na wawindaji wa Sichuan, akaituma Paris. Yeye alisema: ni dubu. Mwaka uliofuata, mtaalamu Alphonse Milne-Edwards alitazama mifupa na meno, akasema hapana, anafanana zaidi na panda mwekundu, yule mdogo mwenye mkia mrefu. Mabishano yakadumu zaidi ya miaka 100! Mwaka 1964 Dwight Davis wa Chicago alichapisha buku nene juu ya viungo vyote vya panda, mfupa kwa mfupa, msuli kwa msuli, na hukumu yake ilikuwa: dubu. Mwaka 1985 Stephen O'Brien na wenzake walipima damu na ADN, wakapata jibu lile lile. Padri alikuwa na haki tangu siku ya kwanza.

Sasa shitaka la chakula. Hapa washitaki wako na sehemu ya haki. Panda ni dubu, na tumbo lake ni tumbo la mla nyama: utumbo mfupi, hakuna matumbo manne kama ng'ombe. Lakini karibu chakula chake chote ni mianzi. Wataalamu walisoma jeni zake zote wakatangaza matokeo mwaka 2010, nao hawakukuta hata jeni moja ya kutengeneza enzimi za kuvunja selulozi, yaani ule ugumu ulio ndani ya majani na vijiti. Tena jeni moja inayosaidia ulimi kusikia utamu wa nyama imeharibika ndani yake. Kwa hiyo katika mianzi anayokula, ni karibu sehemu 17 kwa 100 tu zinazoingia mwilini, zingine zinapita na kutoka. Mama zetu wanajua jambo hili bila kwenda labo: sombe haliliwi mbichi, ni lazima kulitwanga na kulipika muda mrefu ndipo linafaa. Panda hana kinu wala moto. Anafanyaje? Anakula saa 12 ao zaidi kwa siku, na siku moja anaweza kumaliza kilo 12 mpaka 38, kadiri ya sehemu ya mwanzi anayokula.

Washitaki wanaishia hapo, wanacheka. Lakini wapelelezi wa China, kati yao Nie Yonggang na Wei Fuwen, hawakuishia hapo. Walifuata panda wa porini katika milima ya Qinling, wakapima kila sehemu aliyokula na kila mavi aliyoacha. Mwaka 2019 walionyesha kwamba panda hali mwanzi ovyo. Anafuata machipukizi na majani mateke, sehemu zenye protini nyingi, akipanda na kushuka mlima kadiri ya majira, kwa kuwa machipukizi hayatoki siku moja juu na chini. Mwisho wa hesabu, karibu nusu ya nguvu za chakula chake zinatoka katika protini, sawa na mnyama anayekula nyama! Kwa macho ni mla majani, kwa hesabu ya mwili bado ni ndugu ya simba. Basi ni nani mjinga?

Halafu kuna kidole. Panda iko na vidole vitano kama dubu wote, na kando yake kitu cha sita kinachofanya kazi ya gumba: ni mfupa wa kiwiko cha mkono uliokua mkubwa, anaubana na vidole ili kushika kijiti kisiteleze. Mwaka 2022 wataalamu walieleza mfupa wa namna hiyo uliotoka Yunnan, wa mnyama wa ukoo wa panda aliyeishi kati ya miaka milioni 6 na 7 iliyopita. Mnyama ambaye ukoo wake umeshika mwanzi tangu wakati ule, ni vigumu kusema chakula chake kimemshinda.

Shitaka la uvivu ni rahisi, tutalipita upesi. Mwaka 2015 wapelelezi wale wale walipima ni nguvu ngapi mwili wa panda unatumia kwa siku. Walimnywesha maji yaliyotiwa alama, kisha wakapima namna alama zile zinavyotoka mwilini. Jibu: panda anatumia karibu sehemu 38 kwa 100 tu ya nguvu ambazo mnyama mwingine wa ukubwa wake anatumia. Ubongo, maini na figo zake ni ndogo kuliko inavyotazamiwa, na hormoni za tiroidi, zile zinazouambia mwili uende mbio ao polepole, ni chache. Manyoya yake mazito yanafunga joto lisitoke. Mama mwenye makala kidogo anaziba mlango wa mbabula ili moto usile makala yote, wala hakuna mtu anayemwita mvivu. Panda naye yuko na makala kidogo. Kukaa kwake chini ni hesabu.

Sasa tunafika kwa shitaka kubwa, lile la kuzaa, na hapa tutakaa zaidi, kwa sababu ndipo uwongo ulikuwa mzito.

Maneno yote ya "panda hajui kuzaa" yalitoka wapi? Yalitoka katika mabustani ya wanyama, ndani ya vizimba. Mwanamke wa panda anashika mimba mara moja tu kwa mwaka, wakati baridi imekwisha, na siku zinazofaa ni siku moja mpaka tatu. Zikipita, ni kungoja mwaka mwingine. Watu walichukua dume mmoja na jike mmoja, wasiojuana, wakawafunga mahali pamoja wakangoja. Mara nyingi walipigana, ao kila mmoja alitazama ukuta. Mtoto wa kwanza kuzaliwa kizimbani alipatikana Beijing mwaka 1963, na mwaka 1978, Beijing tena, alizaliwa wa kwanza kwa njia ya sindano, bila dume na jike kukutana. Watoto wengi wa miaka ile walikufa. Basi watu wakaandika: mnyama huyu amekataa kuishi.

Hakuna aliyekuwa amemwuliza panda wa porini. Mwaka 1978 Hu Jinchu, mwalimu wa chuo kikuu wa Sichuan, alijenga kituo kidogo cha mahema katika pori la Wolong, na tangu mwaka 1980 alifanya kazi pamoja na Mmarekani George Schaller. Jina hili la Schaller wanafunzi wa Kivu wangepaswa kulijua. Ni yule yule aliyekaa kwetu Virunga mwaka 1959 na 1960, nchi ikiwa bado Kongo ya Wabelgiji, akiwafuata gorila wa milima kwa miguu bila bunduki. Wakati ule watu walisema gorila ni muuaji mkali. Alikaa karibu nao miezi mingi, na buku lake la mwaka 1963 likaonyesha mnyama mtulivu anayekula majani na jamaa yake. Mtu huyu alikuwa amekwisha kuona mara moja namna mnyama anavyosingiziwa.

Huko Wolong walivisha panda wachache kola zenye radio, wakafuata sauti zao mchana na usiku katika theluji. Panda mwenyewe walimwona mara chache sana, mianzi inamficha. Waliyoyakuta ni mengine kabisa na yale ya kizimbani. Panda anakaa peke yake, lakini hakosi habari za jirani: anapaka harufu yake kwenye miti, na kila anayepita anasoma pale ni nani aliyepita, dume ao jike, na kama jike yuko tayari. Siku zile chache zikifika, madume kadhaa yanakusanyika karibu na jike mmoja, wanalia, wanapigana, na jike anangoja juu ya mti. Hakuna uvivu hata kidogo. Kizimbani walikuwa wamemnyima yote hayo, kiisha wakamlaumu.

Mwaka 2015 neno hili lilipimwa kwa hesabu katika kituo kimoja cha Sichuan. Walimwonyesha kila panda wenzake wawili wa kuchagua. Wale waliopewa yule waliyempenda walizaa sana kuliko wale waliopewa yule wasiyempenda. Tunawaachia ninyi wenyewe kuwapelekea wazazi habari hii, kila mmoja kwa hekima yake.

Na kutupa mtoto? Katika milima ya Qinling, profesa Pan Wenshi wa Chuo Kikuu cha Beijing na wanafunzi wake, kati yao Lü Zhi, walifuata jamaa za panda miaka mingi tangu katikati ya miaka ya 1980. Mtoto wa panda anazaliwa na uzito wa gramu 100 hivi, kama mayai mawili ya kuku, wakati mama ni kilo 100 ao karibu. Hana manyoya ya kutosha, haoni. Siku za kwanza mama hatoki pangoni kabisa, hali chakula, anamshika mtoto kifuani mchana na usiku. Lakini kumbukeni ile hesabu ya makala: hawezi kufunga muda mrefu. Mtoto akikua kidogo, mama anamwacha pangoni anakwenda kula, saa nyingi, mara nyingine hata siku mbili. Zamani watu wa pori wakimkuta mtoto peke yake walisema, "Masikini, ametupwa," wakambeba mpaka mjini. Mama akarudi, pango ni tupu. Watoto walioitwa yatima hawakuwa yatima, watu ndio waliowafanya yatima kwa huruma yao. Habari hiyo ilichapishwa mwaka 1994, na sisi tunaona ni moja ya kazi bora zilizofanywa juu ya panda, ingawa haikuhitaji chombo kingine ila uvumilivu.

Kwa mapacha ni kweli kwamba mama wa porini analea mmoja tu, maziwa na mikono havitoshi wawili. Na karibu nusu ya mara anazaa mapacha. Hapo walinzi wa vituo vya Chengdu na Wolong walipata ufundi mzuri: mtoto mmoja yuko kwa mama, mwingine yuko katika sanduku lenye joto, kiisha wanawabadilisha bila mama kutambua, mara nyingi kwa siku. Mama anafikiri ana mmoja, analea wawili. Kwa ufundi huo, na kwa kuwaachia panda nafasi ya kuchaguana, panda wa vituoni wamefika zaidi ya 700 mwisho wa mwaka 2023. Hajui kuzaa!

Afya yake pia imechunguzwa. Katika panda wa porini waliokutwa wamekufa mwanzoni mwa miaka ya 2000, sababu kubwa ilikuwa minyoo ya tumbo, Baylisascaris schroederi, inayotoka tumboni na kutembea mpaka maini na mapafu. Na mwisho wa 2014 mpaka mwanzo wa 2015, ugonjwa wa mbwa unaoletwa na virusi uliingia katika kituo kimoja cha Shaanxi ukaua panda watano. Tangu hapo habari ya chanjo, na ya mbwa wa vijiji wanaotembea porini, si jambo la kuchezea. Kwetu Virunga ni mafua ya watu yanayowashika gorila, ndiyo sababu wageni wanafunikwa mdomo.

Basi kama chakula kinamfaa, kama si mvivu, kama anazaa, ni nini iliyompunguza? Shoka, jembe, mitego na bunduki. Katikati ya miaka ya 1970 mwanzi ulichanua maua katika milima ya Min. Mwanzi una desturi hiyo: unakaa miaka makumi bila ua, kiisha wote wa aina moja unachanua pamoja na kufa pamoja. Mizoga 138 ya panda ilikutwa. Watu walisema: tazama, amekufa kwa kutegemea chakula kimoja. Lakini mwanzi ulichanua na kufa mamia ya mara kabla ya hapo, na panda alihama kwenda bonde lingine lenye mwanzi wa aina nyingine. Safari hii bonde lile lilikuwa limekwisha kuwa shamba. Kati ya mwaka 1974 na mwisho wa miaka ya 1980, pori la panda katika Sichuan lilipungua karibu nusu. Hesabu ya miaka ya 1980 ilipata panda 1,114 tu.

Hesabu yenyewe inafanywaje, ikiwa mnyama haonekani? Kwa mavi. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wasicheke. Vipande vya mwanzi vilivyomo vinaonyesha urefu wa kukata kwa meno, na kila panda anakata kwa urefu wake. Kisha ilikuja ADN: mwaka 2006, katika pori la Wanglang, mavi yalionyesha panda 66 mahali ambapo hesabu ya zamani ilisema 27.

Mwaka 1998, kiisha mafuriko makubwa ya mto Yangtze, serikali ya China ilikataza kukata miti ya pori la asili, kwa sababu milima isiyo na miti haishiki maji. Haikufanywa juu ya panda hasa, lakini yeye alifaidika. Tangu hapo hesabu ilipanda: 1,596 mwanzoni mwa miaka ya 2000, na 1,864 katika hesabu ya mwaka 2011 mpaka 2014. Mwaka 2016 shirika la IUCN lilimshusha daraja moja katika orodha ya hatari, na mwaka 2021 China ilifungua pori moja la taifa linalounganisha mapori mengi ya zamani, zaidi ya kilomita za mraba 20,000. Kuunganisha ndilo neno, kwa kuwa panda wamegawanyika makundi zaidi ya 30 yanayotengwa na barabara na mashamba, na mengi ni madogo sana.

Kuwarudisha wa vituoni porini ni kazi ngumu. Wa kwanza, Xiang Xiang, alifunguliwa mwaka 2006. Mwaka 2007 alikutwa amekufa kiisha kupigana na panda wa pale. Baadaye walibadili njia: mtoto analelewa na mama yake ndani ya pori lililozungushwa ua, na mlinzi akiingia kumpima anavaa nguo za panda zilizopakwa mkojo na mavi ya panda, ili mtoto asizoee mtu. Tao Tao alilelewa hivyo, akafunguliwa mwaka 2012, na miaka mitano baadaye alikutwa bado mzima.

Ulizo moja linabaki, nalo halimhusu panda mwenyewe. Watu husema ukimlinda panda umelinda wote wa pori lake. Mwaka 2020 wapelelezi walitazama tena mapori ya panda, wakalinganisha na miaka ya 1950 na 1960. Chui hayuko tena katika sehemu 81 kwa 100 za mapori yale alimokuwa, mbwa-mwitu 77, yule mbwa mwekundu wa Asia 95, na chui wa theluji 38. Panda anatosheka na kilomita za mraba chache, mara nyingi chini ya 15. Wale wanahitaji zaidi ya 100 kila mmoja, na mitego iliyotegwa kwa swala iliwakamata na wao.

Mwenye kutaka kubisha alete ulizo lake kwa maandishi mbele ya siku ya tano jioni. Siku ya posho tuko na mtihani wa kemia.